Jinsi Vipokezi vya Seli Vinavyobadilisha Utengenezaji wa Protini Katika Saratani ya Ini

Kila seli ya ini la mtu mzima imehifadhi maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo alfafetoprotini, lakini kwa kawaida seli hiyo haiitengenezi, au huitengeneza kwa kiasi kidogo mno. Protini hiyo ni ya wakati wa mimba. Ini la mtoto aliye tumboni huitoa kwa wingi, na baada ya kuzaliwa kiwango chake katika damu hushuka na kubaki chini maisha yote. Mwaka 1963 mtafiti Garri Abelev na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Moscow, walieleza kwamba protini hiyo ilikuwa imerudi katika damu ya panya wa maabara wenye uvimbe wa saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaeleza jambo hilohilo kwa binadamu. Kipimo cha protini hiyo katika damu kingali kinatumika hospitalini hadi leo, ingawa si kila uvimbe wa ini unaoitoa protini hiyo.

Jeni ya alfafetoprotini haikuletwa na saratani. Ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikuwa imenyamazishwa. Vivyo hivyo kwa mamia ya protini nyingine ambazo katika uvimbe huzidi, hupungua au hutoweka: maelekezo mengi ni yaleyale aliyozaliwa nayo mtu, lakini uamuzi wa lipi litekelezwe, kwa kiasi gani na kwa muda gani, umebadilika. Sehemu kubwa ya uamuzi huo hupitia katika vipokezi vya seli, na kwa maoni yangu hakuna mahali ambapo saratani ya ini hueleweka vizuri zaidi kuliko hapo. Huu si ugonjwa wa kuupuuza: kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 866,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya ini na wapatao 758,000 walifariki kwa ajili yake. Hapa nitazungumzia aina iliyo kubwa kuliko zote, yaani ile inayoanzia katika seli kuu za ini zenyewe, na si katika mifereji ya nyongo.

Tuanze na mpangilio wa kawaida. Jeni ni kipande cha DNA kilichomo ndani ya kiini cha seli. Ili protini ipatikane, kipande hicho hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, nakala hiyo hutoka nje ya kiini, kisha ribosomu huisoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Protini iliyokamilika nayo haidumu milele, kwa sababu seli huivunja baada ya dakika, saa au siku kadhaa, kulingana na aina yake. Kwa hiyo kiasi cha protini fulani kinachokutwa ndani ya seli wakati wowote kinategemea mambo matatu yanayokwenda pamoja, yaani kasi ya kunakili jeni, kasi ya kusoma nakala na kasi ya kuivunja protini yenyewe. Kipokezi kinaweza kugusa yote matatu, na msomaji asiposhika jambo hili ataishia kudhani kwamba kipokezi huwasha jeni tu.

Kipokezi ni protini iliyokaa tayari kushikwa na molekuli maalumu inayolingana nacho, iwe homoni, kichocheo cha ukuaji au asidi ya nyongo. Vipokezi vingi vimepenya utando wa seli, sehemu moja ikiwa nje na nyingine ndani. Molekuli inayokuja haihitaji kuingia. Ni sawa na mgeni anayepiga hodi akiwa bado barazani, na waliomo ndani wakaanza kuinuka na kushughulika kabla hajavuka kizingiti. Vipo pia vipokezi vinavyokaa ndani ya seli, vinavyosubiri homoni ndogo zinazoweza kupenya utando, kisha vyenyewe huikamata DNA moja kwa moja. Ini lina aina zote mbili kwa wingi, jambo lisiloshangaza kwa kiungo ambacho kila mlo, kila dozi ya dawa na kila homoni hupitia.

Mfano ulio wazi kuliko yote, na ambao nitakaa nao kwa kirefu, ni kipokezi kiitwacho FGFR4. Mtu anapokula, mfuko wa nyongo hujikamua na kumwaga nyongo katika utumbo mwembamba, na asidi zilizomo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Asidi hizo ni mali isiyotupwa. Takriban asilimia 95 hufyonzwa tena katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini. Zinapopita katika seli za utumbo, hukamatwa na kipokezi cha ndani ya seli kiitwacho FXR, nacho huamuru seli hizo zitengeneze homoni iitwayo FGF19. Homoni hiyo huingia katika mshipa mkubwa unaotoa damu utumbo na kuipeleka ini kabla haijafika kwingine kokote, na hapo ndipo inapokutana na FGFR4 kwenye utando wa seli za ini. Haishiki vizuri peke yake. Inahitaji protini mwenza iitwayo Klotho beta, ambayo husimama kando ya kipokezi na kuiweka homoni mahali pake.

Homoni ikishashika, vipokezi viwili husogeleana, na kila kimoja hubandika fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye sehemu ya mwenzake iliyo ndani ya seli. Fosfeti hizo huvuta protini nyingine, nazo huamsha nyingine, katika mnyororo wa protini ziitwazo RAS, RAF, MEK na ERK, ambapo kila mmoja humwamsha anayefuata kwa kumbandika fosfeti. Matokeo ya kawaida ya mnyororo huo katika ini baada ya mlo ni kupunguza: jeni ya kimeng'enya CYP7A1, kinachoanza kazi ya kugeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo, hunyamazishwa, na ini huacha kutengeneza nyongo nyingine kwa kuwa iliyopo inatosha. Wakati huohuo kuna kinachoongezwa. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba FGF19 huongeza kasi ya ribosomu kuunganisha protini katika ini pamoja na uhifadhi wa sukari, kazi ambayo watu wengi walidhani ni ya insulini pekee. Kwa ini zima hili ni jambo la busara kabisa, kwani chakula kimefika, malighafi ipo, na huu ndio wakati wa kujenga. Kisha saa zinapita, asidi za nyongo hupungua utumboni, FGF19 hushuka, na agizo hukoma.

Katika saratani agizo hilo halikomi. Seli ya ini yenye afya kwa kawaida haitengenezi FGF19, isipokuwa katika hali kama ya kuziba kwa mifereji ya nyongo, lakini baadhi ya seli za saratani huanza kuitengeneza zenyewe, na kwa kuwa zina FGFR4 na Klotho beta juu ya utando wao, hujichochea zenyewe bila kungoja mlo wala utumbo. Chanzo kimoja kinachofahamika ni kurudufiwa kwa kipande cha kromosomu ya 11, kile kinachoandikwa 11q13. Badala ya nakala mbili za kipande hicho, seli hujikuta na nakala nyingi. Jeni ya FGF19 imo hapo, na jirani yake wa karibu ni CCND1, jeni ya saiklini D1, protini inayoisukuma seli kuanza kujigawa. Hivyo ajali moja ya kromosomu huleta homoni inayochochea kipokezi pamoja na protini ambayo kipokezi hicho kingeiongeza hata kama jeni yake isingerudufiwa.

Mwaka 2002 watafiti walieleza kuhusu panya waliobadilishwa ili misuli yao, na si maini yao, itengeneze FGF19 ya binadamu. Kufikia umri wa takriban miezi 10 panya hao walipata uvimbe katika ini. Misuli iliyokuwa ikitoa homoni haikuota uvimbe huo, bali ini lililokuwa mbali nayo ndilo lililougua, kwa sababu ndiko FGFR4 na Klotho beta vinakokutana kwa wingi. Baadaye panya wa aina hiyo walipozalishwa bila kipokezi cha FGFR4, uvimbe haukutokea ingawa homoni ilikuwapo. Sijui jaribio linaloonyesha kwa uwazi kuliko hilo kwamba kipokezi ndicho kinachoamua ni kiungo kipi kitakachopokea madhara.

Sasa tuingie ndani ya seli hiyo inayojichochea na tutazame protini moja kwa karibu. Protini hiyo ni MYC, ambayo kazi yake ni kuzisukuma jeni nyingine nyingi zinakiliwe, zikiwamo zile za kutengeneza ribosomu. Katika seli ya kawaida MYC huvunjwa upesi sana, nusu yake ikitoweka katika dakika zipatazo 20 hadi 30. Umri huo mfupi unasimamiwa na fosfeti mbili. ERK, ile iliyo mwisho wa mnyororo niliouelezea, hubandika fosfeti ya kwanza kwenye asidi amino ya 62, na MYC huimarika. Kisha kimeng'enya kingine, GSK3, hubandika ya pili kwenye asidi amino ya 58, na hiyo huwa alama ya kuipeleka MYC ikavunjwe. Kipokezi kinapochochewa bila kupumzika, ERK huendelea kubandika fosfeti ya kwanza, na tawi la pili la ishara, linalopitia PI3K na AKT, huizuia GSK3 isibandike ile ya pili. MYC inakaa. Jeni yake inaweza kuwa haina kasoro yoyote, na idadi ya nakala za RNA inaweza kuwa ileile, lakini protini imerundikana kwa sababu tu haivunjwi. Saiklini D1 nayo hulindwa kwa njia inayofanana na hiyo, kwani GSK3 ni miongoni mwa vimeng'enya vinavyoitia alama ya kuvunjwa.

Tawi hilo la AKT linaendelea hadi protini iitwayo mTOR, ambayo husimamia kasi ya kusoma nakala. Kuna protini iitwayo 4E-BP1 ambayo, ikiwa haina fosfeti, humng'ang'ania kiongozi anayezipeleka RNA kwenye ribosomu. mTOR huibandika fosfeti, nayo humwachia. Nakala zinazofaidika zaidi ni zile ambazo mwanzo wake ni mgumu kusomeka, na miongoni mwake zimo nakala za protini za ukuaji, zikiwamo MYC na saiklini D1. Hivyo uzalishaji hauongezeki sawasawa kwa kila protini, bali hupendelea upande mmoja. Seli iliyokuwa ikijivunia albumini na vimeng'enya vya nyongo polepole inakuwa seli ya kujigawa.

Vipokezi vya ndani ya seli vina hadithi yao, na katika saratani ya ini inawagusa wanaume hasa. Ugonjwa huu huwapata wanaume mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake. Pombe na sigara zinaeleza sehemu ya tofauti hiyo, ila si yote. Kipokezi cha homoni za kiume kinapokamata testosteroni, huingia katika kiini na kushika DNA, na inapotokea kwamba seli hiyo imeambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B, kipokezi hicho hukuta ndani ya DNA ya virusi sehemu inayolingana nacho, hivyo huongeza unakili wa jeni za virusi. Moja ya protini za virusi zinazotokana na jeni hizo, iitwayo HBx, nayo hukipa nguvu kipokezi chenyewe. Mzunguko huo hauhitaji jeni yoyote ya mgonjwa kuharibika ili uanze. Upande wa pili, majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba homoni za kike hupunguza utoaji wa IL-6, molekuli ya ishara, kutoka seli za ulinzi zilizomo katika ini, na IL-6, kupitia kipokezi chake na protini STAT3, ni kichocheo kikubwa cha protini za uvimbeuchungu na za ukuaji.

Virusi hivyohivyo vya aina ya B vinatukumbusha kwamba si kila kinachoitwa kipokezi huleta agizo. Mwaka 2012 timu ya Wenhui Li huko Beijing ilibaini kwamba virusi huingia katika seli za ini kwa kushika NTCP, protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kurudisha asidi za nyongo ndani ya seli. NTCP haitumi ishara ya ukuaji, ni mlango tu. Mabadiliko ya protini yanakuja baadaye, virusi vikishakaa miaka mingi, DNA yao ikajipachika katika kromosomu, na ini likawa na kovu juu ya kovu. Kwa Afrika Mashariki kuna la kuongeza, nalo ni sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ambayo huharibu jeni ya p53, inayozuia seli kujigawa ovyo, mahali maalumu, kwenye kodoni ya 249, na pamoja na virusi vya aina ya B huzidisha hatari kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Kinga ya mwili nayo huingia katika jambo hili kwa njia isiyotarajiwa. Seli za kinga zinapoushambulia uvimbe hutoa intaferoni gama. Seli ya saratani ina kipokezi cha molekuli hiyo, na ishara yake, kupitia JAK na STAT1, huifanya itengeneze PD-L1, protini inayokaa juu ya utando na kuziambia seli za kinga ziache. Shambulio lenyewe ndilo linaloamsha ngao. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa mbili kwa pamoja, atezolizumab inayoziba PD-L1 na bevacizumab inayozuia VEGF, kichocheo cha mishipa ya damu: asilimia 67.2 ya wagonjwa waliopewa dawa hizo walikuwa hai baada ya miezi 12, ikilinganishwa na asilimia 54.6 ya waliopewa sorafenib, dawa iliyokuwa ikitumika kabla yake.

Sorafenib yenyewe ilikuwa imetawala kwa muongo mzima. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lilionyesha wastani wa kati wa kuishi miezi 10.7 dhidi ya 7.9 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa hiyo huziba vipokezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, hasa vile vya VEGF, pamoja na RAF katika mnyororo wa ndani. Ni faida ya kweli, lakini ni faida ya miezi, na inatolewa bila kujua ni kipokezi kipi kinachouendesha uvimbe wa mgonjwa huyu. Kabla yake tamoxifen, inayokishughulikia kipokezi cha homoni za kike na iliyofaulu sana katika saratani ya matiti, ilijaribiwa katika ini na haikurefusha maisha. Tivantinib, iliyotarajiwa kuziba kipokezi cha MET, ilishindwa pia hata kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa na MET nyingi, ingawa uchunguzi wa maabara ulikwisha kuonyesha kwamba dawa hiyo huua seli kwa njia nyingine kabisa, kwa hiyo si haki kuhukumu MET kwa kushindwa kwake.

Ninaamini tatizo kubwa la miaka hiyo lilikuwa kupima kitu kisichotosha. Kuwapo kwa kipokezi juu ya seli hakuthibitishi kwamba kinafanya kazi, na wingi wa RNA hauthibitishi wingi wa protini, kama tulivyoona kwa MYC. Ndiyo maana tafiti mbili za China za mwaka 2019 zilikuwa na uzito wa pekee. Moja ilipima protini na fosfeti zake moja kwa moja, pamoja na jeni, katika uvimbe na tishu ya jirani ya wagonjwa 159 waliokuwa na virusi vya aina ya B. Nyingine ilipima jozi 110 za tishu za saratani ya mapema na kuigawa katika makundi matatu kwa protini zake. Katika kundi lenye matokeo mabaya zaidi usawa wa kolesteroli ulikuwa umevurugika, na kimeng'enya SOAT1, kinachohifadhi kolesteroli ndani ya seli, kilikuwa juu. Daktari aliyetazama uvimbe huo kwa darubini angeweza kuona hatua ileile ya ugonjwa katika wagonjwa wawili wenye hatima tofauti kabisa.

Kwa FGFR4, kipimo sahihi kilipatikana. Fisogatinib ni dawa iliyoundwa kuishika asidi amino ya sisteini iliyo nafasi ya 552, ambayo FGFR4 inayo na ndugu zake watatu, FGFR1 hadi FGFR3, hawana mahali hapo. Katika jaribio la awali lililochapishwa mwaka 2019, wagonjwa waligawanywa kwa kupima protini ya FGF19 ndani ya uvimbe wenyewe. Kwa wale ambao uvimbe wao uliitoa, asilimia 17 walipata kusinyaa kwa uvimbe kunakokubalika kwa vipimo. Kwa wale ambao haukuitoa, hakuna hata mmoja. Wengi waliharisha, na sababu yake inaeleweka kwa aliyefuatilia hadithi ya nyongo: kipokezi kikizibwa, CYP7A1 hurudi kazini, na asidi za nyongo huzidi utumboni.

Baada ya muda, uvimbe wa baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamepata nafuu ulianza kukua tena, na vipimo vikaonyesha mabadiliko mapya katika FGFR4 yenyewe, kwenye nafasi ya 550 na ya 552, ile ile ambayo dawa huishika. Uvimbe haukuwa umekiacha kipokezi; ulikuwa umekibadilisha ili uendelee kukitumia, na dawa nyingine inayoweza kukiziba hata baada ya mabadiliko hayo iliweza kuuzuia katika majaribio ya maabara. Ili kuyaona mambo ya namna hii kwa mgonjwa, kipande cha uvimbe lazima kitolewe na kupimwa, tena zaidi ya mara moja. Lakini saratani ya ini ni miongoni mwa saratani chache ambazo, kwa mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, huthibitishwa kwa picha za CT au MRI bila kukata kipande chochote, na utaratibu huo, uliomwepusha mgonjwa na hatari ya kuvuja damu, ndio unaowaacha madaktari wengi bila tishu ya kupima protini hata moja.